Ubia wa Silaha: Nani Anashika Ufunguo?

Katika madarasa ya siasa hoja mbili hurudiwa mara kwa mara kuhusu nchi zinazoungana kubuni na kutengeneza silaha. Hoja ya kwanza husema kwamba nchi ikishatoa fedha zake katika mradi wa pamoja, na viwanda vyake vikapewa sehemu ya kazi, basi teknolojia ya silaha hiyo imekuwa mali yake pia. Hoja ya pili husema kwamba nchi zenye itikadi moja, au zilizopigana vita upande mmoja, haziwezi kunyimana siri. Hoja zote mbili zinapendeza masikioni, na zote mbili ni potofu. Makala haya yana shabaha ya kuzikosoa kwa kutumia matukio yenyewe, maana nadharia isiyopimwa kwa vitendo ni maneno matupu.

Kosa la msingi la hoja hizo ni kuchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: kuwa na silaha, kutengeneza sehemu ya silaha, na kuweza kuibadili silaha. Nchi inaweza kuwa na mawili ya kwanza ikakosa la tatu, na hilo la tatu ndilo ufunguo.

Silaha ya leo si rungu, ambalo ukishalishika ni lako. Ndege ya kivita hutumika miaka 30 au 40. Katika muda huo adui hubadili rada zake, makombora yake na mbinu zake. Kwa hiyo ndege nayo haina budi kubadilishwe kila mara: kompyuta yake ifundishwe kuzitambua rada mpya, mbawa zake zifungwe kombora jipya, injini yake iongezwe nguvu. Anayeweza kufanya hayo bila kubisha hodi kwa mtu ndiye mwenye silaha. Asiyeweza, hata kama amelipa taslimu na bendera yake imechorwa ubavuni mwa ndege, ni mpangaji katika nyumba ya mwingine.

URAFIKI WA VITA: UINGEREZA NA MAREKANI

Tuanze na hoja ya urafiki. Mwezi Septemba 1940, Uingereza ikipigwa mabomu na Ujerumani na ikiwa haina uhakika wa kuokoka, ilipeleka Marekani ujumbe ulioongozwa na mwanasayansi Henry Tizard. Ujumbe huo ulichukua siri kubwa kabisa za kivita za nchi hiyo. Mojawapo ilikuwa magnetroni, chombo kidogo kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambacho kiliwezesha rada yenye nguvu kufungwa ndani ya ndege. Uingereza ilitoa kwa sababu ilihitaji viwanda vya Marekani.

Agosti 1943 Churchill na Roosevelt walitia sahihi mkataba wa siri mjini Quebec wa kushirikiana katika kutengeneza bomu la atomiki, na wanasayansi wa Uingereza wakaenda Marekani kuifanya kazi hiyo. Vita ilipokwisha, mwezi Agosti 1946, Rais Truman alitia sahihi sheria inayojulikana kwa jina la Seneta McMahon. Sheria hiyo ilifunga siri za nyuklia kwa nchi zote za nje, Uingereza ikiwamo. Mkataba wa Quebec ulikuwa umefichwa hata kwa Bunge la Marekani lililopitisha sheria ile. Na ahadi ya viongozi wawili, isiyojulikana na chombo kinachotunga sheria, ilipeperuka kama makapi.

Januari 1947 serikali ya Attlee iliamua kutengeneza bomu lake yenyewe, na tarehe 3 Oktoba 1952 ililipua la kwanza katika visiwa vya Monte Bello, Australia. Mlango wa Marekani ulifunguliwa tena mwaka 1958. Wakati huo Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekwisha kurusha Sputnik, na Uingereza ilikuwa imekwisha kujaribu bomu la haidrojeni. Makala haya hayasifu mabomu hayo, ambayo ni vyombo vya kuangamiza umma. Yanachotazama ni mpangilio wa matukio: Uingereza ilipokuja na kumbukumbu za urafiki ilifungiwa mlango, ilipokuja na ujuzi wake mkononi, ilikaribishwa.

UNDUGU WA ITIKADI: CHINA NA UMOJA WA KISOVIETI

Kada mmoja anaweza kusema: hao ni mabepari, na mabepari hata ndugu kwa ndugu huuziana maji. Basi tutazame upande wa pili. Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulikubali kuisaidia China katika teknolojia ya silaha mpya, pamoja na kuipa bomu la mfano. Tarehe 20 Juni 1959 ikaja barua kwamba bomu hilo halitatolewa. Mwaka 1960 wataalamu wa Kisovieti zaidi ya elfu moja, wa viwanda vya aina mbalimbali, waliitwa warudi kwao, na miradi mingi ikabaki njiani. Wachina waliupa mradi wao namba 596, yaani mwaka 1959, mwezi wa 6, ili jambo lile lisisahauliwe. Tarehe 16 Oktoba 1964 walilipua bomu lao la kwanza.

Anayetaka kusema kwamba kunyimana siri ni tabia ya mabeberu peke yao atapata taabu kulieleza tukio hili. Vyama viwili vilivyosoma vitabu vilevile na kuitana ndugu viliachana njiani, kwa sababu maslahi ya dola moja hayakuwa tena maslahi ya nyingine. Itikadi inaweza kuwakutanisha watu mezani. Haiwezi kuchukua mahali pa mkataba, wala pa ujuzi.

KULIPA SI KUMILIKI: NDEGE YA F-35

Sasa tuje kwenye hoja ya fedha. Mradi mkubwa wa ubia wa ndege za kivita katika miaka hii ni wa F-35, unaoongozwa na Marekani na kampuni ya Lockheed Martin. Nchi nyingine nane ziliingia kama wabia: Uingereza, Italia, Uholanzi, Uturuki, Kanada, Australia, Denmark na Norway. Uingereza peke yake ilipewa daraja la kwanza. Mwaka 2001 iliahidi kutoa kiasi cha dola bilioni 2 kwa kazi ya usanifu, na viwanda vyake vinatengeneza karibu asilimia 15 ya kila ndege. Kama kulipa kungekuwa kumiliki, Uingereza ingekuwa mmiliki.

Lakini roho ya ndege hiyo ni programu zake za kompyuta, na ufunguo wa programu ni maandishi yake asilia, yale ambayo mhandisi huyasoma na kuyabadili. Machi 2006 waziri wa Uingereza aliyeshughulikia ununuzi wa silaha, Lord Drayson, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kusema kwamba bila kupata teknolojia ya kuiwezesha nchi yake kuitumia na kuitunza ndege kwa uhuru, haitaweza kuinunua. Mwezi Mei mwaka huohuo Bush na Blair walitoa tamko la kutuliza mambo, na Desemba mkataba wa hatua iliyofuata ukatiwa sahihi. Hata hivyo, mwaka 2009 ofisi ya mradi upande wa Marekani ilieleza wazi kwamba hakuna mbia atakayepewa maandishi asilia. Takwimu za kuiwezesha ndege ya Uingereza kutambua rada na silaha za adui huandaliwa katika maabara iliyoko Eglin, jimbo la Florida, ndani ya ardhi ya Marekani.

Yako mengine. Kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa mbia wa General Electric katika kutengeneza injini ya pili ya ndege hiyo, F136. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijaribu kwa miaka kadhaa kuifuta, na mwaka 2011 ikaifuta. Uingereza ilitaka pia ndege zake zibebe makombora ya Meteor na Spear 3 yanayotengenezwa Ulaya. Mwaka 2025 ofisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba ndege hizo hazitakuwa na kombora la kushambulia ardhini kutoka mbali hadi miaka ya mwanzo ya 2030. Kombora lipo, ndege ipo, rubani yupo; foleni ya kuviunganisha inapangwa na mwingine.

Hata hivyo haki itendeke. Si kweli kwamba Uingereza haikupata kitu. Ilipata ajira, ilipata kazi ya mtambo wa kuinua ndege wima unaotengenezwa na Rolls-Royce, na wahandisi wake walijifunza mengi. Wala si sawa kuilaumu Marekani kana kwamba ilivunja urafiki. Ilikuwa inalinda teknolojia yake, na ndivyo kila dola ifanyavyo. Kulalamika kwamba mwenzako analinda chake si siasa. Siasa ni kuuliza kwa nini wewe hukulinda chako kabla ya kutia sahihi.

Uturuki ililipa somo hilo kwa bei kubwa zaidi. Iliingia katika mradi mwaka 2002, ikalipa zaidi ya dola bilioni moja, ikapanga kununua ndege 100, na viwanda vyake vikatengeneza vipuri zaidi ya 900 vya ndege hiyo. Julai 2019, baada ya kupokea mitambo ya S-400 kutoka Urusi, ilitangazwa kuondolewa. Marekani ilisema mitambo hiyo ingeweza kufichua siri za F-35. Twaweza kubishana kama sababu ilikuwa ya haki au la. Lililo muhimu kwetu ni matokeo. Vipuri vilitafutiwa watengenezaji wengine. Ndege zilizokuwa zimekwisha kutengenezwa kwa ajili ya Uturuki zilibaki Marekani. Aliyetengeneza vipuri 900 hakubaki na hata ndege moja.

Tarehe 21 Februari 2024 Uturuki ilirusha ndege yake yenyewe, Kaan. Ni hatua ya kuheshimika. Lakini ndege hiyo iliruka kwa injini za F110 za General Electric, na mwaka 2025 waziri wa mambo ya nje wa Uturuki alisema hadharani kwamba vibali vya injini hizo vimekwama katika Bunge la Marekani. Ukibadili kufuli la mlango wa mbele, usisahau mlango wa uani.

MKONO MTUPU HAULAMBWI: JAPANI

Baada ya kuyaona hayo, wengine hukimbilia upande wa pili na kusema: basi kila nchi itengeneze silaha zake peke yake, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ikisimama peke yake inapotosha. Iko nyingine inayofaa kusomwa pamoja nayo: mkono mtupu haulambwi. Mfano mzuri ni Japani.

Katika miaka ya 1980 Japani ilitaka kubuni ndege yake ya kivita, mradi ulioitwa FS-X. Marekani ilishinikiza, na mwaka 1987 Japani ikakubali kuitumia F-16 ya Marekani kama msingi. Mkataba wa mwaka 1988 ulipingwa na wabunge wengi wa Marekani, waliohofia kwamba Japani itachukua ujuzi wa ndege kama ilivyofanya katika magari na televisheni. Mwaka 1989 Rais Bush wa wakati huo aliyataka masharti yafafanuliwe upya: viwanda vya Marekani vihakikishiwe kiasi cha asilimia 40 ya kazi, na maandishi asilia ya programu inayoongoza mruko wa ndege yasitolewe.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Wahandisi wa Japani walikuwa wamefanya majaribio yao wenyewe ya kuongoza ndege kwa kompyuta, kwa kutumia ndege ya T-2 iliyofanyiwa marekebisho, katika miaka ya 1980. Waliponyimwa programu waliandika yao. Tena walikuwa na vitu viwili ambavyo Marekani ilivitamani: ufundi wa kutengeneza bawa zima kwa nyuzi za kaboni zilizookwa pamoja, na rada ya aina mpya ya kampuni ya Mitsubishi Electric. Kwa hiyo ujuzi haukutiririka upande mmoja tu. Kampuni ya Marekani nayo ilijifunza kutengeneza bawa la Kijapani. Ndege hiyo, iliyoitwa F-2, iliruka mara ya kwanza Oktoba 1995.

Tusiipambe hadithi hii. F-2 ilikuwa ghali mno. Mpango ulikuwa wa ndege 130. Zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi zilikuwa 94, na ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 2011. Lakini ujuzi haukufa. Japani ilipotaka kununua F-22 ilikutana na sheria ya Marekani iliyokataza ndege hiyo kuuzwa nje. Ikatengeneza ndege ndogo ya majaribio, X-2, iliyoruka Aprili 2016. Kwa hiyo Desemba 2022, Japani, Uingereza na Italia zilipotangaza mradi wa pamoja wa ndege ya kivita inayotarajiwa kuanza kazi mwaka 2035, Japani haikuja kuomba kiti. Ilikuja na kiti chake. Kampuni ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2025 iligawanywa theluthi sawasawa kati ya pande tatu, na suala la kila nchi kuwa huru kuibadili ndege yake liliwekwa mezani tangu mwanzo.

ALIYENYIMWA ANAPONYIMA

Je, sasa tumepata mfano safi wa ubia wa haki? Bado. Aprili 2025 waziri wa ulinzi wa Italia, Guido Crosetto, aliilaumu Uingereza hadharani kwamba haitoi teknolojia kikamilifu kwa Italia na Japani. Ni Uingereza ileile iliyolalamika Washington mwaka 2006! Jambo hili lisituchekeshe tu. Lina mafunzo makubwa. Linaonyesha kwamba kinyongo hakitoki katika tabia mbaya ya taifa fulani. Kinatoka katika uhusiano wenyewe: aliye na ujuzi zaidi ana sababu ya kuushikilia, na aliye na ujuzi mdogo ana sababu ya kuudai. Mgongano huu haumalizwi kwa hotuba za undugu. Hupunguzwa kwa usawa wa uwezo na kwa maneno yaliyoandikwa.

MASLAHI YA TAIFA AU YA MAKAMPUNI?

Hapa pana kosa jingine ambalo kada hapaswi kulipita kimya. Tunaposema “maslahi ya taifa ya teknolojia” tunamaanisha ya nani? Katika nchi za kibepari ujuzi huo unashikwa na makampuni: Lockheed Martin, BAE Systems, Leonardo, Mitsubishi. Fedha za utafiti hutoka kwa mlipa kodi, faida huenda kwa wenye hisa, na neno “siri ya taifa” hutumika pia kuifunika siri ya biashara. Kulinda teknolojia ya taifa maana yake kwanza ni kuwalinda watu wenye ujuzi huo, yaani wahandisi, mafundi na wanafunzi wao. Programu ya F-2 haikuokolewa na kabati la nyaraka. Iliokolewa na watu waliokuwa wamefanya majaribio wakakosea wakarekebisha. Kiwanda kikifungwa na mafundi wakatawanyika, hakuna mkataba utakaourudisha ujuzi wao.

Na siri isiyo na mipaka huzaa uovu mwingine. Sisi Watanzania tunaikumbuka rada iliyonunuliwa kwa BAE Systems kwa pauni milioni 28, ununuzi uliopingwa hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali mahakamani kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu zinazohusu biashara hiyo, na fedha zaidi ya pauni milioni 29 zikalipwa kwa manufaa ya wananchi wetu, zikaelekezwa katika elimu. Huo haukuwa ubia wa kubuni silaha. Ulikuwa ununuzi. Lakini unafundisha kwamba mahali ambapo umma hauruhusiwi kuuliza chochote, anayelindwa mara nyingi si taifa.

MASWALI YA KADA

Nchi yetu haimo katika miradi ya namna ya F-35. Hata hivyo tunalo Shirika la Mzinga Morogoro na Shirika la Nyumbu Kibaha, na mikataba ya mafunzo, ya vifaa na ya ufundi na nchi mbalimbali. Kanuni ni ileile kwa lori na kwa ndege. Kila mkataba wa namna hiyo unapaswa kupimwa kwa maswali matano.

Kwanza, baada ya kukabidhiwa, nani anaweza kukibadili chombo bila kuomba ruhusa? Kama jibu ni “wenzetu”, basi tuseme wazi kwamba tumekodi, na bei iwe ya kukodi.

Pili, tunaingia na nini mkononi ambacho mwenzetu anakihitaji? Kama hatuna kitu, kazi ya kwanza ni kukitengeneza, hata kiwe kidogo.

Tatu, ujuzi tuliokuja nao ni wa nani, na ule utakaozaliwa ndani ya mradi utakuwa wa nani? Haya ni mambo mawili, na yaandikwe mbalimbali.

Nne, tukiachana, nini kitatokea? Ndoa hufungwa kwa shangwe, lakini busara ya wazee huuliza habari za talaka mapema. Uturuki iliulizwa swali hilo ikiwa imekwisha kulipa.

Tano, nani anaujua mkataba huu? Ahadi ya Quebec ilikufa kwa sababu wawakilishi wa wananchi hawakuijua. Siri za mtambo zifichwe. Masharti ya ubia yajulikane na vyombo vya umma, kwetu na kwa mwenzetu.

Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa nchi yetu kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki uliotokana na Muungano. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuwataka waondoe na misaada yao mingine ya kiserikali. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha. Wako wanaolikumbuka jibu lile kama jambo la fahari tu. Fahari ilikuwapo, lakini haikurusha ndege. Kanada ndiyo iliyokuja kutufundishia marubani. Kukataa masharti ni nusu ya uhuru. Nusu ya pili ni kuwa na mtu wako anayejua kufungua injini, kuisoma, kuirekebisha na kuifunga tena. Nusu ya kwanza huamuliwa na viongozi kwa siku moja. Ya pili huchukua miaka 20 katika shule, vyuo na karakana, na hiyo ndiyo kazi ambayo kila kada anapaswa kuuliza imefikia wapi katika mahali pake pa kazi.